Jina la Kuandika Ukutani

Kaeni vizuri, maana hii si hadithi ya kubembelezea watoto.

Kule milimani Upare, kijiji kimoja kilikuwa kinamalizwa na kiharusi. Mtu anatoka asubuhi kwenda shambani, jioni anarudishwa amebebwa, mdomo umepinda. Watu watatu wakasema basi, imetosha.

Daktari Nankondo, mganga mkuu wa wilaya, alijaliwa maneno. Miaka yake ya mwisho kazini aliwasihi watu wapunguze chumvi na wapime presha, na akisimama kusema, hata walevi walinyamaza.

Muuguzi Niendiwe alijaliwa huruma. Alibeba kipimo chake cha presha kanisani, msikitini na misibani, wala hakuna aliyemnyima mkono.

Mbazi alijaliwa ujasiri. Mvua inyeshe, njia iteleze, pikipiki yake ilifikisha dawa za presha mlangoni kwa mgonjwa.

Kiharusi kikapungua. Wanakijiji wakajenga zahanati, wakataka iitwe kwa jina la mmoja wa hao watatu. Mwenyekiti wa kijiji, Elieza, ndiye angelitangaza. Elieza alikuwa mdogo wake Nankondo, na mwenyewe alikuwa na presha.

Siku ya ufunguzi Elieza hakutokea. Nankondo alimkuta nyumbani kwake, sakafuni, upande mmoja umekufa.

"Elieza, dawa zako ziko wapi?"

"Nili... nilimaliza dozi, dada."

Hakusema tena neno. Alizikwa wiki hiyohiyo.

Nankondo alijichukia. Enzi za malaria ni yeye aliyezunguka na kipaza sauti: "Maliza dozi, upone!" Alipohamia kwenye presha akadhani watu wanajua kwamba dawa hii mtu hunywa maisha yake yote.

Niendiwe alilia. "Mimi nilimpima nikamwambia, 'Presha imeshuka, mwenyekiti, uko safi.'"

Mbazi naye akainamisha kichwa. "Mimi aliniambia nisimpelekee tena, amemaliza. Nikampa mkono wa hongera."

Palepale msibani Nankondo akauliza, "Nani mwingine hapa amemaliza dozi?"

Mikono ikanyooka kila upande, ya vijana kwa wazee, na wenye mikono hiyo walikuwa wanatabasamu. Nankondo akaitazama. Alikuwa amestaafu, amechoka, na hakuwa na neno lenye nguvu ya kulifuta lile alilowafundisha mwenyewe. Akaketi chini.

Zahanati ipo, ukuta mweupe. Wako wanaosema bila hao watatu makaburi yangekuwa mengi zaidi, na ni kweli. Wako wanaosema kila mmoja wao angeweza kumwokoa Elieza kwa sentensi moja tu, na hilo nalo ni kweli. Wenyewe wanasukumiana: andikeni la yule, langu msiliguse.

Haya, wasikilizaji wangu, brashi ya rangi nawakabidhi. Mngeandika jina la nani?