Kizibo cha Mbiu

"Mbiu ikilia, kizibo kinachongwa." Wanafunzi wa maabara walipousikia msemo huo, walimwuliza Bi Nangasu, aliyestaafu kutoka maabara hiyo, umetoka wapi. Akawaeleza chanzo chake.

Zamani Nakijwa, mtafiti wa maabara hiyo, alikuwa akichunguza saitokini, kemikali ambazo seli hutumiana kupashana habari ya hatari. Alizidondoshea seli tone moja. Baada ya robo saa ishara ya kuupokea wito ilipanda ndani ya seli. Baada ya saa mbili ilikuwa imezimika. Akaongeza tone la pili. Seli hazikuitika.

"Saitokini imeharibika," alisema Daktari Lukindo, mkuu wa maabara. "Msami ameacha jokofu wazi. Ijumaa namwandikia barua ya kumwachisha kazi."

Msami, mtunza stoo kwa miaka kumi na tisa, alikuwa mlangoni. "Mkuu, jokofu lile nalifunga hata ndotoni."

Nakijwa hakumtetea wala hakumlaumu. Hakuwa na ushahidi. Alichukua chupa ileile, akadondoshea seli ambazo hazijaguswa. Zikaitika vizuri. Basi chupa haikuwa na kosa. Zilizobadilika ni zile seli za kwanza. Zimechoka, au zimezibwa? Na kama zimezibwa, nani kaziba?

Akarudia, safari hii akizizuia kwanza seli kwa dawa zisiunde protini mpya. Ishara ikapanda, na saa mbili baadaye ilikuwa bado juu, haitaki kushuka.

Ijumaa asubuhi aliweka majibu mezani kwa Lukindo, Msami akiwa amekwisha kuitwa.

"Seli ikipokea wito," alisema, "wito huohuo unaiagiza iunde protini ya kuuzima. Protini hiyo hukibana kipokezi, pale wito unapoingilia. Ndiyo maana tone la pili halikusikika."

"Seli ijizibe masikio vitani?"

"Isipojiziba, mkuu, mwili utaungua kwa homa yake wenyewe."

Msami akakohoa. "Kumbe anayepuliza mbiu keshamtuma mtu akachonge kizibo. Na mimi nilikuwa nafukuzwa kwa ajili ya fundi seremala nisiyemjua?"

Lukindo alicheka bila kutaka, akaichana barua vipande vinne.

Watu wa maabara waliyafupisha maneno ya Msami. Hadi leo, seli zikinyamaza ghafla, hawaanzi kwa kumtafuta mkosaji. Huuliza ni wito gani uliotangulia, maana mbiu ikilia, kizibo kinachongwa.