Nati Kwanza, Mkono Baadaye

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso kabisa, maana hadithi hii hailali mpaka mtu aiamulie. Watu hununua tela la kulala porini ili wakatembee, wachome nyama mbali na majirani, waamke wakitazama twiga. Watoto wa Mzee Kitomari walinunua la kwao kwa ajili ya kisasi. Nalisema mapema ili mtu asinikatize katikati kuniuliza mbona safari hii haina picha.

Walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na chake. Siaeli, dada mkubwa, mpishi wa safari za watalii, alikuwa na mgongo: hakununua kitu mpaka alale chali chini yake, akione kwa upande ambao muuzaji hakutegemea. Kaanaeli, wa kati, fundi wa kuchomelea vyuma pale Usa River, alikuwa na mikono: chuma alichokiunga kingeweza kuvunjika popote, ila si pale alipokiunga. Ndeshi, kitinda mimba, aliyeolewa kwa wafugaji chini ya mlima Gelai, alikuwa na nyayo: akivua viatu, hakuna tope lililoweza kumficha kina chake.

Adui yao alikuwa mmoja, na jina lake lilikuwa Lukindo, muuza matela wa mjini Arusha. Alikuwa mcheshi, mwenye soda baridi kwa kila mteja. Na alikuwa na brashi ya rangi ambayo Mungu atamuuliza habari zake.

Mzee Kitomari, baba yao, aliendesha magari ya watalii ya watu wengine mpaka nywele zikageuka. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa chai ya maziwa, pombe hakuijua hata kwa harufu. Uzeeni akataka tela lake mwenyewe, apeleke wageni kule ambako hoteli hazijafika. Lukindo akamwonyesha moja jeupe, lenye friji, hema la vyumba viwili, na jiko la kuvuta kama droo. Juu ya sakafu ya saruji lilipendeza kweli. Siaeli akalivuta lile jiko, akalirudisha, akalivuta tena, akasema, "Baba, chukua hili." Siku ile hakuna aliyeinama kutazama chini, hata Siaeli, ambaye mgongo wake ulianza kazi baada ya hapo. Na chini, kwenye mkono wa tela unaoshika gari, palikuwa na ufa, na juu ya ufa rangi nyeupe mbichi.

Kwenye mteremko wa mawe huko kaskazini mkono ule ulikatika. Mzee alikuwa ameshuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, tela likamjia, likambana mkono kwenye mwamba. Gari la kwanza kupita lilikuwa la Lukindo mwenyewe, aliyekuwa akirudi peke yake kutoka kupeleka wageni. Alishuka na sanduku la vifaa. Mzee Kitomari akasema, "Asante Mungu." Lukindo akapiga magoti, akatazama pale chuma kilipokatika, akatoa spana. Akafungua nati moja baada ya nyingine, akakitoa kile kipande chenye ufa, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka chini ya kiti cha gari lake. Ndipo akaleta jeki. Nati kwanza, mkono wa mzee baadaye. Hospitali hawakuwa na la kufanya ila kuukata.

Mjini Lukindo akaeneza habari kwa sauti ya huruma: "Maskini, mzee alikuwa amelewa. Hakufunga tela vizuri." Mzee aliwasimulia wanawe yote, lakini ushahidi wa kumkanusha Lukindo ulikuwa chini ya kiti cha Lukindo. Wazee wenzake wa usharika wakamwomba Kitomari apumzike kidogo uzee wa kanisa. Alipumzika mpaka kaburini mwaka uliofuata, na hata msibani kuna watu walionong'ona.

Baada ya matanga, wale watatu waliapa mbele ya mama yao. Mama hakulia wala hakuwakemea.

"Nimewasikia," alisema. "Sitawakataza, hata mimi nina moyo. Lakini kisasi si mbuzi wa Krismasi, huyu kidari na yule paja. Siku mtakapomtia Lukindo mkononi, hukumu itatamkwa na mmoja tu: yule ambaye bila yeye msingefika. Wawili watanyamaza na kutii. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Mama."

Wakangoja. Kungoja kwa mtu mwenye uchungu si uvivu, ni kunoa. Siaeli alipika chapati za watalii huku akimwaza Lukindo kwenye kila donge, na alilisukuma kweli donge lile. Halafu kiangazi kimoja Lukindo akatangaza kuwa atapeleka wageni upande wa mbali wa ziwa la magadi, na tela jeupe aliloliita jipya, kule ambako hakuna mwingine anayethubutu.

"Atakwama," Siaeli aliwaambia wenzake. "Nayajua matumbo ya matela yake. Na akikwama, nataka wa kwanza kumfikia tuwe sisi."

Lakini kule hakuna kisima wala sheli. Maji, mafuta, mbao za kupitishia magurudumu na chakula cha siku kadhaa havienei kwenye gari peke yake. Kumfuata muuza matela, nao walihitaji tela.

Kulichagua ikawa kazi ya Siaeli. Alizunguka yadi zote za mji ule akiwa na kanga ya kulalia. Wauzaji walimvutia majiko, wakamfungulia mafriji, wakamkunjulia mahema yenye madirisha. Yeye alitandika kanga chini, akalala chali, akaingia uvunguni huku vijana wa yadi wakicheka. Moja alilikataa kwa sababu magurudumu yake yalikaa karibukaribu kuliko ya gari lao, na tela lisilokanyaga mkondo wa gari hujitafutia njia yake lenyewe. Jingine tangi la maji lilining'inia tupu, bila bati la kulikinga na mawe. Mwisho akatokea chini ya tela moja la kijivu, fupi, lililosahauliwa kwenye kona, akiwa na grisi kwenye paji la uso.

"Mama, hilo halina hata jiko," muuzaji alimwambia. "Halafu baya!"

"Kwani nataka kuolewa nalo?" Siaeli alijibu. "Mawe matatu ni jiko. Rimu zake ni sawa na za gari langu, hizo ndizo ninazotaka."

Na safarini, kwenye uwanda wa mawe meusi yenye makali, gari lilichanika tairi wakaweka spea, likachanika jingine wakawa hawana. Siaeli akaenda nyuma, akafungua spea ya tela, ikaingia kwenye gari kana kwamba ilizaliwa pale. Wangekuwa wamenunua lile lenye jiko zuri, safari ingeishia kwenye mawe yale, na Lukindo angeokolewa na mtu mwingine.

Kuliunga ikawa kazi ya Kaanaeli. Tela lilipofika gereji kwake, aliukata mkono wote wa lile tela na kuutupa, ingawa ulikuwa mzima. "Sikiamini chuma ambacho sijakitolea jasho," alisema. Akaunda mwingine, wenye kiungo kinachopinda juu na chini na kuzunguka mzunguko kamili, na cheni mbili zilizopishana kwa chini ili mkono ukikatika ushikwe kabla ya kugusa ardhi. Hakupaka rangi. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alisema rangi imeshamla baba yake mkono.

Na safarini, kwenye korongo refu, ukingo ulibomoka na tela likalala ubavu. Siaeli aliyekuwa usukani alifumba macho akingoja gari nalo libiringike. Halikubiringika. Kiungo kilizunguka kimyakimya, tela likalala kivyake, gari likabaki limesimama. Walilivuta kwa kamba likasimama, wakaendelea. Kingekuwa kiungo cha dukani, mama yao angezika wengine watatu.

Kulipitisha ikawa kazi ya Ndeshi. Mchungaji mmoja, shemeji yake, ndiye aliyewaambia kuwa tela jeupe limezama ndani ya magadi, kwamba wageni wamekwisha kutembezwa mpaka bomani kwa wafugaji na wako salama, na kwamba mwenye tela alikataa kuliacha. Walipofika ukingoni mwa ziwa, uwanda wote ulikuwa mweupe na mgumu kwa macho. Kaanaeli akasema wakate moja kwa moja.

"Kaka, pale ndipo alipopita yeye," Ndeshi alimjibu. "Tulia uone."

Akavua viatu. Akatangulia mbele ya gari kwa miguu, kisigino kwanza, akisimama, akirudi, akizunguka. Mahali gamba la magadi lilipolia kwa ukavu aliwapungia waje, na mahali lilipokaa kimya aliwafukuza. Aliwapunguzisha upepo wa matairi. Aliwapitisha kwenye mapito ya punda, mzunguko mrefu kuliko wote, na magadi yakamla nyayo mpaka zikatoa damu. Bila nyayo zile, kungekuwa na matela mawili yaliyozama badala ya moja.

Wakamkuta.

Mkono wa lile tela jeupe ulikuwa umekatika. Lukindo alikuwa amejaribu kulinyanyua kwa jeki bila ubao chini yake. Jeki ikazama, tela likamshukia, likamgandamiza mguu kwenye tope. Tangi lake la maji lilikuwa limetobolewa na mawe mapema. Midomo ilikuwa imempasuka. Kwa mbali, kwenye nchi kavu, wageni wake waliorudi kutoka bomani na wachungaji walikuwa wamesimama wakitazama, wakiliogopa tope.

Maji walimpa. Hilo halikuwa na mjadala, mama yao hakuwalea hivyo. Akanywa, akapumua, akasema, "Asante Mungu. Wanangu, mmetumwa."

Siaeli alipoyasikia maneno yale, aliuona mkono wa baba yake. Akainama ili Lukindo amwone uso vizuri.

"Unanijua, mzee?"

Lukindo akamtazama. "Binti wa Kitomari," alisema polepole, kisha akaacha kushukuru.

Ndeshi akaokota spana. "Mimi sina maneno mengi. Nati kwanza. Tulifungue tela lote mbele ya macho yake, nati moja moja, bila haraka, na mguu wake uwe wa mwisho. Kama alivyomfanyia baba, hata chembe isizidi."

"Huko ni kuchelewa," Kaanaeli akasema. "Mguu utoke sasa hivi. Halafu tumpandishe kwenye tela letu bayabaya, tela lake na gari lake tuviache hapa viliwe na magadi, na kila muuza duka Arusha ajue alirudi nyuma ya tela la fundi Kaanaeli. Aishi na hilo."

Siaeli alitikisa kichwa. "Chuma atanunua kingine. Jina la baba halinunuliwi. Kabla jeki haijagusa tope hili, aite wale wageni wasogee kadiri wanavyoweza, aseme kwa sauti alichokifungua kwa spana siku ile na kwamba baba hakulewa. Aseme yote. Ndipo mguu."

Ndeshi akacheka bila furaha. "Dada, mtu aliyebanwa atakiri hata kwamba yeye ndiye aliyemzaa baba. Kesho atasema tulimlazimisha, na watu watamwamini."

Siaeli alijua kwamba mdogo wake hakukosea kabisa. Lakini alilitaka neno lile, alilitaka kuliko pumzi, maana yeye ndiye aliyelivuta lile jiko na kusema, "Baba, chukua hili."

"Mimi ndiye niliyechagua tela," alisema. "Bila spea ile tungekuwa bado kwenye mawe."

"Bila kiungo changu mngekuwa chini ya gari," Kaanaeli alisema.

Ndeshi alinyanyua unyayo mmoja, akawaonyesha.

Basi ndugu zangu, ndipo walipofika na ndipo nitakapowaacha. Ndeshi ameshika spana. Kaanaeli ameshika jeki na ubao. Siaeli ametandika kanga yake juu ya magadi, amelala chali chini ya tela jeupe, na pale mkono ulipokatika ameuona ufa wa zamani, na juu yake rangi. Lukindo anawatazama mmoja baada ya mwingine, na tope bado linavuta.

Mama hayupo, mpo ninyi. Aliyechagua, aliyeunga, na aliyepitisha: ni nani kati yao ambaye bila yeye wasingefika? Tajeni jina moja, na wawili watatii, maana waliapa. Ila kumbukeni kwamba ukitaja jina umetaja na hukumu.

Je, wewe neno ungempa nani? Na usinifiche: umempa aliyefanya kazi kubwa, au aliyetamka kisasi ambacho ungekitaka wewe?