Pafu la Mbuzi wa Mghoi

Sogeeni, sikilizeni vyema! Shauri hili lilisikilizwa mara moja tu, na hukumu yake ingali juu ya vichwa vyetu, katika mapaa ya nyumba zetu.

Zamani zile, hapa kilimani Kironge, nyumba haikuwa na tundu. Iliaminiwa kwamba moshi ni pumzi ya wahenga, na kwamba auachiliaye utoke ameifukuza baraka. Akina mama walipika machozi yakiwachuruzika. Watoto walilala kando ya mafiga pamoja na mbuzi. Nao walikufa wengi mno, kwanza wakikohoa, kisha wakihema. Hakuna aliyeushuku moshi, kwa kuwa ulikuwamo katika kila nyumba.

Katika kila nyumba, ila moja. Mghoi alikuwa mjane mzee asiye na mtu wa kumwezekea. Paa lake lilitoboka, na wajukuu wake wanne walikuwa wazima kabisa. Hayo yakatosha kumtia hatiani. Kilambo, aliyekuwa amemzika mtoto wake wa tatu, alimburuta hadi barazani akitaka atupwe korongoni kabla jua halijatua.

"Wetu wanakwisha, wake wananenepa!" alifoka. "Anawala!"

"Nitawalaje wanao, Kilambo, nami meno sina?" akajibu Mghoi. Baadhi wakacheka bila kutaka.

Mwamuzi, Mwandoe, hakucheka. Alikubali kwamba tofauti ipo. Alichokataa ni kuiita uchawi kabla haijachunguzwa. Akauliza kama ni watoto pekee wanaougua.

"Hata mbuzi wetu wanakohoa!" alisema Kilambo.

"Basi tuwasikilize mbuzi."

Akaletwa beberu wa Kilambo na beberu wa Mghoi, wa umri mmoja na malisho mamoja, waliotofautiana mahali pa kulala tu. Wakachinjwa, vifua vikapasuliwa. Pafu la mbuzi wa Mghoi lilikuwa la waridi, jepesi. La mbuzi wa Kilambo lilikuwa jeusi kama kitako cha chungu!

Baraza likalipuka kwa kelele. Mwandoe akainua mkono: mbuzi mmoja aweza kudanganya. Mghoi akamtoa mbuzi wake wa pili, ambaye ndiye aliyembakia, na Kilambo akatoa mwingine. Matokeo yakawa yale yale.

Kilambo aliligusa pafu, akautazama ule weusi wa masizi, kisha akakishika kifua chake mwenyewe. Ghafla akatimua mbio hadi nyumbani, akapanda juu, akaanza kung'oa nyasi za paa kwa mikono miwili. Kijiji kizima kikamfuata! Nyasi zilirushwa huku na huku, moshi ukapaa kutoka kila nyumba, watu wakapiga vigelegele.

"Haya, mnabomoa yenu," Mghoi alipaza sauti, "na langu ataliezeka nani?"

Aliezekewa na Kilambo, tundu likiachwa palepale. Sisemi vifo vilikoma; vilipungua, na makaburi ni mashahidi.

Na tangu siku hiyo kila nyumba ya Kironge ina tundu juu ya mafiga, na kila mbuzi achinjwapo, pafu huinuliwa kwanza mbele ya watu, liwe shahidi. Moshi wa leo hutoka katika mabomba marefu ya viwanda, huvuka mipaka ya nchi, na huua watu wasiopata kuuona moto wake; na wapo wanaoapa kwamba ni baraka. Sisi hatubishani nao. Twawauliza tu: pafu liko wapi?