Kipande Kisicho na Neno

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshaingia kila nyumba, Mwanamkuu wa Pangani alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake alikwisha fariki, akamwachia kanda moja aliyorekodi akimbembeleza yeye Mwanamkuu utotoni. Kanda ikaingia maji. Sauti ilisikika kwa mbali, lakini maneno hayakushikika. Mwanamkuu alitamani mama awepo mtoto atakapozaliwa, hata kwa wimbo tu, akaweka nadhiri: atakayemrudishia wimbo ule, mtoto atachukua jina lake.

Akaja Shemsa, fundi wa kutengeneza majukwaa ya kazi za mtandaoni. Aliikata sauti ile vipande vipande, akavituma kwa watu wa miji mbalimbali, kila mtu asikilize kwenye simu yake na kuandika alichosikia. Mwanzoni ukurasa wa jukwaa lake ulionyesha majibu ya wengine, na watu, si mnawajua, wakamfuata wa kwanza kama kondoo. Shemsa akayaficha majibu, kila mtu akabaki na masikio yake.

Akaja Chausiku wa Tabora. Alisikiliza kipande baada ya kipande hadi masikio yakamuuma, akazipata beti zote. Ila kipande kimoja hakikuwa na neno, na ukurasa wa Shemsa haukumruhusu mtu kuendelea bila kujaza. Chausiku akaandika "lala", akapita.

Akaja Asumini wa Lindi. Naye alifika kwenye kipande kile kile, akakataa kubuni. Jukwaa likamhesabu mvivu, likamfungia. Asumini hakununa. Alimtafuta Shemsa, akamwandikia: "Hapo hakuna neno, dada. Hapo mama anambusu mtoto."

Shemsa aliona haya, lakini hakuuficha ujumbe ule. Mwanamkuu alipousoma alijishika paji la uso, akalia sana. Mama hakuwahi kuimba wimbo ule bila kumbusu pale, na yeye alikuwa amekwisha kusahau.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya kumpa jina, wote watatu wakawa kwenye simu.

Shemsa akasema, "Bila jukwaa langu, wimbo ungebaki kwenye maji. Na nilipokosea, kosa langu nilikuletea mwenyewe."

Chausiku akasema, "Maneno utakayomwimbia niliyatoa mimi. Ningegoma pale, ubeti wa mwisho ungeupata wapi?"

Asumini akasema, "Mimi sikukuletea hata neno moja, mwenzangu. Nilimsikia mama yako tu, nikaona nikwambie."

Mwanamkuu akampakata mwanawe, akauimba wimbo wote. Alipofika pale akanyamaza, akambusu kwenye paji. Mtoto akatulia, akimsubiri mama amwite.

Haya, nanyi mlionisikiliza, msijibu kwa pupa. Nadhiri ni nadhiri, na mtoto ni mmoja. Je, aitwe nani?