Mitungi ya Bi Nungunungu

Mwaka ule jua liliwaka mpaka vyura wakasahau kuogelea. Wanyama wakakata shauri kuhamia ng'ambo ya nyika, mwendo wa siku nne bila tone la maji njiani. Mitungi ya safari ilifinyangwa na Bi Nungunungu. Mfalme Simba, aliyependa mno kuisikia sauti yake mwenyewe, akatangaza kwamba kila mtungi utapimwa, na ikionekana yote inavuja, mfinyanzi ataachwa nyuma pamoja na wanawe.

Wapimaji walikuwa wawili. Asubuhi Fisi angejaza mtungi na kuonja kama udongo unayatia maji harufu. Alasiri Sungura angetumbukiza kijiti kuona kama maji yamepungua.

"Kila mmoja ateke maji yake," alisema Sungura.

"Kisimani ni mbali, ndugu yangu," akasema Fisi. "Nikimaliza nitakuachia yangu. Maji ni maji."

"Hata mimi niliwaza hivyo hivyo," akasema Simba, ambaye hakuwa amewaza lolote.

Sungura alikuwa na kidonda mguuni, basi akakubali. Siku tatu, mitungi mitatu, yote akaikuta nusu. "Unavuja!" alitamka kila mara kwa madaha, ukabebwa kando, na Simba akauvunja kwa teke moja.

Ukabaki mmoja. Bi Nungunungu akamjia Sungura na wanawe wanne nyuma yake. "Mwanangu, ukiukataa na huo, tutakufa hapa."

Sungura aliona aibu, akainama kukwepa macho yake. Ndipo akaugusa mchanga pale mtungi wa tatu ulipokuwa umekaa. Ulikuwa mkavu kabisa. Sasa maji yalivuja yakaenda wapi?

Akachechemea hadi kisimani, akateka maji yake mwenyewe, akaujaza mtungi wa mwisho na kuuficha kichakani. Kesho yake akaukuta umejaa vilevile. Lakini mahali pake alikuwa ameshaweka kinu kikuukuu cha jiwe, amekipaka udongo ndani na nje, jua likakikausha.

"Bwana Fisi, huu ndio wa mwisho. Upime vizuri."

"Bila wasiwasi!"

Alasiri, mbele ya wanyama wote, Sungura akatumbukiza kijiti. Maji yalikuwa robo tu.

"Wasemaje, Bwana Fisi?"

"Huu ndio mbovu kuliko yote! Nimeona kwa macho yangu maji yakichuruzika."

Sungura akabandua udongo kwa ukucha. Likatokea jiwe. Nyani akaanza kucheka, kisha wote.

"Jiwe nalo linachuruzika?"

Fisi akafungua kinywa ajitetee, badala yake ikatoka mbweu ndefu, na maji kidogo yakamdondoka kidevuni. Simba akaamuru Fisi ndiye atakayebeba mitungi safari nzima, na anywe wa mwisho. "Na kila mpimaji ateke maji yake, akimaliza aondoke nayo, kama nilivyosema tangu mwanzo."

Sungura alipewa kazi ya kukanda udongo wa mitungi mipya. Alikanda huku akinung'unika, "Lakini Bi Nungunungu, kijiti changu hakikukosea hata mara moja."

"Hakikukosea, mwanangu," akajibu Bi Nungunungu bila kuinua macho. "Kilikuwa kinapima koo la Fisi, nawe ukafanya mitungi yangu ivunjwe."