Ngiri na Macho ya Migungani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, hasa nyie mliokaa karibu na sufuria. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, zamani za ngiri wakulima na nungunungu wapiga mishale, Bwana Ngiri alikuwa anakula kunde na mkewe, Bi Mwanaidi.

"Chumvi imezidi," alisema Ngiri.

"Imezidi kwako. Watoto wamelamba bakuli."

"Nasema tu."

"Basi kesho pika wewe, tuone."

Wakacheka. Wakaingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia: watoto kwanza, kisha mama, kisha baba, meno yake yakitazama mlango. Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida. Usiku homa ikamshika Bi Mwanaidi. Siku ya tatu akazikwa.

Ngiri alikuwa na shamba la mtama bondeni. Katikati ya shamba palikuwa na dungu: miti minne, jukwaa la fito, paa la nyasi. Juu ya dungu hilo Bi Mwanaidi alikuwa akiamia. Kuamia ni nini? Ni kulinda mtama usiliwe na ndege, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Wakija, unapiga kelele. Wakirudi, unawatupia udongo kwa kombeo, vuu! Wakirudi tena, unapiga kelele tena. Ni kazi ya koo na mkono. Haina siri, haina ujanja.

Mtama ukatoa masuke. Masuke yakajaa maziwa. Kwelea wakajua, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu. Nani aliwaambia? Hajulikani. Wakaja kama moshi, vuuuuu! Chwi-chwi-chwi! Suke moja, ndege watatu.

Ngiri akaenda shambani. Akafika chini ya dungu. Akashika ngazi. Akaiachia. Akarudi nyumbani.

Kesho yake akaenda shambani. Akafika chini ya dungu. Akashika ngazi. Akaiachia. Akarudi nyumbani.

Jirani yake Pimbi, anayekaa mwambani, mwenye sauti ya kuamsha bonde zima, akamwona.

"Shemeji! Unaipima ngazi au unaipanda?"

"Jua kali."

"Jua la saa moja asubuhi?"

"Dada Pimbi, niache."

"Nikuache, watoto wa marehemu wale nini? Mtama huu ndio chakula chao mpaka mvua nyingine. Panda. Mimi nitakuja kukupokea."

"Nimepata njia nyingine," alisema Ngiri. Alikuwa hajaipata.

Aliipata akiwa anarudi nyumbani. Ngiri huyu alipenda hesabu, akahesabu hivi: mchana ndege ni wengi, na wanaruka. Usiku ndege ni wale wale, na wamelala. Kumpiga aliyelala ni rahisi kuliko kumfukuza aliye macho. Kwa hiyo kazi hii ni ya usiku. Na usiku hakuna anayepanda dunguni. Hesabu ikakubali. Ilikubali upesi mno, lakini hakuikagua mara ya pili.

Akaenda kwa Nungunungu.

"Hodi!"

"Karibu, kama hujaja kuomba mihogo."

"Nimekuja kukupa mihogo."

"Ah! Basi karibu sana, kaka yangu, karibu mpaka ndani!"

Wakakubaliana. Nungunungu atawapiga kwelea kwa miiba ya mgongoni mwake, usiku, kule kwenye migunga ya kijito wanakolala. Malipo, kikapu cha mihogo kila kukicha.

"Huwa hukosi?" aliuliza Ngiri.

"Kukosa ndiyo nini?"

"Gizani utawaonaje?"

"Wewe utashika mwenge. Mwenge ukiwaka, macho yanang'aa. Mimi nalenga macho. Palipo na macho pana kichwa, palipo na kichwa pana ndege. Kuna swali?"

Hapakuwa na swali. Hata nyie hapo sikusikia mmeuliza.

Giza likaingia. Wakaenda migungani. Kwelea walikuwa wamejaa mpaka matawi yameinama. Ngiri akainua mwenge. Juu kabisa, macho mawili yakang'aa. Nungunungu akatikisa mgongo, kacha-kacha-kacha. Akageuka. Chwaa!

Tup!

"Mmoja," alisema Nungunungu.

Usiku wa kwanza wakaanguka wanne. Usiku wa pili watano. Usiku wa tatu watatu.

"Ndege ni maelfu," alisema Ngiri. "Mbona macho ni machache?"

"Wananiogopa. Sifa zangu zimefika."

"Tuwaokote basi."

"Kwenye miiba hii? Kaka, mimi kazi yangu ni kupiga miiba, siyo kuchomwa nayo."

Na kila asubuhi kwelea walikuja vilevile. Vuuuuu! Chwi-chwi-chwi! Hakupungua hata mmoja.

Asubuhi ya nne kukawa na jipya. Mtama ulikuwa umelala chini, mabua yametafunwa shinani, mstari kwa mstari. Na katikati ya mabua, mchana kweupe, panya wamejinyoosha matumbo juu.

"Shikamoo, Bwana Ngiri!" alisema panya mmoja mnene.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Wewe, baba. Siku hizi usiku ni mtulivu, tunakula bila kutazama juu. Mungu akuzidishie mishale!"

Wenzake wakacheka mpaka wakabiringika.

Ngiri hakucheka. Akaenda migungani, peke yake, kwenye mwanga. Akapita chini ya miiba, akajikwaruza, akatazama. Akahesabu waliolala chini. Kumi na wawili. Wote bundi. Kwelea, hata mmoja.

Kando ya wa mwisho alikuwa amekaa Bibi Bundi, hai, amekunja mbawa.

"Wewe ndiye mshika mwenge," alisema.

"Ndimi."

"Nani alikuambia kuwa aliyelala anafumbua macho?"

Ngiri akawatazama waliolala chini.

"Kwelea walikuwa wamelala, wamefumba. Sisi tulikuwa macho kwa sababu tulikuwa kazini. Mume wangu alikuwa anakuwindia panya. Nilipouona mwenge wako nilitaka kuruka. Akaniambia, tulia, huyo ni jirani."

Ngiri alikuwa na mengi ya kusema. Akasema moja tu.

"Nitamchimbia."

Akachimba. Kuchimba anakujua. Akachimba mashimo kumi na mawili, akawalaza mmoja mmoja, akawafukia. Bibi Bundi akatazama mpaka la mwisho.

"Nikulipe nini?" aliuliza Ngiri.

"Mihogo sili. Niambie kitu kimoja. Una dungu shambani. Mbona hukukaa huko mchana, ukatuachia usiku wetu?"

"Siwezi. Pale anakaa mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa. Mwezi sasa."

Bibi Bundi akageuza shingo, akatazama upande mwingine. Kisha akaigeuza tena.

"Pole," alisema. "Wewe una mwezi. Mimi nina usiku mmoja. Nina makinda wawili tunduni, na giza likiingia nitatoka kuwatafutia panya. Sijui kama nitaweza. Nitatoka. Usiku nimeuchukua mimi. Mchana wako utampa nani?"

Ngiri akaenda zake.

Jioni Nungunungu akaja, kikapu begani, anapiga mluzi.

"Kaka, twende! Leo nawapiga kumi!"

"Hatuendi."

"Na mihogo yangu?"

"Chukua hii ya leo. Miiba yako baki nayo mgongoni."

"Nimekosea nini?"

"Wewe hukukosa hata mara moja," alisema Ngiri. "Mimi ndiye niliyekuangazia."

Asubuhi yake, kabla jua halijatoka, Ngiri akaenda shambani. Akafika chini ya dungu. Akashika ngazi. Hakuiachia.

Jamani, mmewahi kumwona ngiri akipanda ngazi? Kwato zikateleza, kra! Tumbo likanasa. Akasukuma, akakoroma, akapanda, akateremka pawo moja, akapanda mawili. Akafika. Jukwaani akakaa ukingoni kabisa. Katikati, mahali pa mkewe, akapaacha wazi.

Vuuuuu! Kwelea wakaja.

Ngiri akafungua kinywa. Ikatoka "gwi", ndogo kama ya mtoto.

"Mmesikia?" alisema kwelea mmoja. "Kuna mzee anakohoa huko juu. Kuleni, jamani, kuleni!"

Chwi-chwi-chwi!

Ngiri akafungua kinywa tena. Akafumba macho, mkia ukasimama wima kama mlingoti, na sauti yote aliyokuwa hajaitoa tangu siku ya mazishi ikatoka.

"HOOOOOO!"

Kwelea wakainuka wote kwa mara moja. Na kutoka mwambani Pimbi akapokea, "HOOOOOO!" mpaka mawe yakaitika.

Wakazunguka. Wakarudi. Ngiri akapiga kelele. Wakarudi tena. Akapiga kelele tena. Sauti ikaanza kukauka, kwelea wakaisikia inavyokauka, wakasogea. Hapo ngazi ikatikisika, na kichwa cha Pimbi kikatokeza jukwaani.

"Sogea huko, shemeji. Nitakaa wapi, hewani?"

Ngiri akatazama pale mahali katikati. Akatazama kidogo. Kisha akasogea, akakaa pale, Pimbi akakaa ukingoni, na asubuhi ile wakapiga kelele kwa zamu mpaka kwelea wakahamia bonde jingine.

Mtama uliobaki ulikuwa nusu. Nusu iliwatosha watoto, kwa kubana.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mnanisikia? Kazi inayokuuma mchana usiipeleke gizani umpe mwingine akufanyie. Gizani utawaumiza wanaokulinda, na kukicha kazi yako utaikuta pale pale.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake, mimi koo limekauka.