Firigisi ya Lutengano

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kiwanda cha parachichi huko Njombe, na vyumba vyake vya baridi havikufunguliwa kwa ufunguo. Ukiingia, unagonga kadi. Ukitoka, unagonga kadi. Kompyuta ya getini ndiyo iliyojua nani yumo na nani hayumo.

Asubuhi moja fundi Lutengano alifika mlangoni amekumbatia sanduku la vipuri. Mwenzake Eliabi akagonga kadi yake, akamshikia mlango. Lutengano akapita bila kugonga. Eliabi akachukua alichofuata, akagonga, akatoka. Lutengano akabaki ndani.

Haikufika saa nne, bomba la gesi ya kupozea likapasuka. King'ora kikalia, watu wakakimbilia uwanjani. Chaula, mlinzi, akatazama kompyuta yake. "Ndani hakuna mtu," akasema, akafunga geti.

Mama wa usafi, jina lake Sikujua, akamsogelea. "Afande, pale wanapobadilisha buti nimeona viatu. Mwenyewe hajavirudia."

"Mama, kompyuta inasema hakuna mtu."

"Kompyuta haioni viatu. Ni vyeusi, kisigino kimelika upande mmoja."

Eliabi akavijua viatu vile. Na sheria aliijua: ukimpitisha mtu kwa kadi yako, kazi huna. Meneja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Eliabi akasema, "Ni vya Lutengano. Nilimpitisha mimi, kwa kadi yangu."

Chaula hakuuliza la pili. Akafungua geti, akavaa barakoa ya gesi iliyochakaa kwa kuning'inia ukutani, akaingia. Alipotoka alikuwa akimburuta Lutengano, amezimia lakini anapumua.

Lutengano alipopona, akawaita wote watatu nyumbani kwake. Mkewe Tumpe akachinja jogoo. Sasa firigisi, mnajua wenyewe, ni ya mgeni wa heshima, tena huwa haigawanywi. Lutengano akaichota kwa kijiko, mkono ukasita.

Sikujua akasema, "Mwanangu, wote walitazama kompyuta. Mimi nilitazama chini. Bila mimi hata jina lako lisingetajwa."

"Lakini aliyelitaja ni mimi," akasema Eliabi. "Ningenyamaza, ningekuwa kazini mpaka leo. Sasa niko nyumbani."

Chaula akamgeukia. "Si wewe ndiwe uliyemwingiza bila kuhesabiwa?"

"Na wewe si ndiwe uliyemfungia geti?"

Chaula akakohoa kwanza. Kifua chake kilikuwa bado hakijakaa sawa. "Nilifunga, ndiyo. Kisha nikafungua, nikaingia. Maneno hayamburuti mtu."

Tumpe akamtazama mumewe, akasema polepole, "Baba, ugali unapoa."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kijiko kiko hewani na sahani ni tatu. Je, firigisi ile aliistahili nani?